Tangazo la Meno

Mtu akimwuliza jina, Maalim Thabit alijibu, "Bin Harib," akaishia hapo. Harib lilikuwa jina la baba yake, na halikumpa tabu. La kwake mwenyewe lilimshinda tangu ile Januari ya mwaka sitini na nne, pale Bumbwini, kijana aliyeshika bunduki asiyojua kuitumia alipoigeuza akampiga kitako cha mdomo, mbele ya chuo chake cha Kurani. Meno ya mbele ya juu yakenda yote. Mengine aliyatema, mengine akayameza.

Kwa mtu mwengine, kukosa meno hayo ni kukosa muwa na mahindi ya kuchoma. Kwa maalim wa Kurani ni kukosa kazi. Zipo herufi ambazo ulimi hauzipati mpaka ukutane na ncha za meno ya juu: the, dhali na dha. Na fe nayo hutaka mdomo wa chini uyaguse meno hayo hayo. Maalim Thabit alikuwa mkali sana kwa herufi hizo. Mtoto akisema "azimu" pahala pa "adhimu," alimsimamisha mlangoni na ulimi nje mpaka mate yamchuruzike kifuani, wenziwe wapate kuona ulimi unakaa wapi. Sasa yeye mwenyewe akijaribu kusema Thabit, ilimtoka pumzi tupu.

Walifika Maskati mwisho wa mwaka ule, yeye na mkewe Kheiria, kwa ruhusa iliyoombwa kwa miezi na Amur, bin ami yake Kheiria, mwenye duka la jumla huko Matrah. Amur alikuwa ameondoka Unguja zamani, kabla ya mambo kuharibika, na alipenda kuwakumbusha watu kwamba yeye aliona mapema. Aliwapa chumba cha uani nyuma ya ghala, pembeni ya magunia ya ndimu kavu na madebe ya samli. Maalim akawa mtu wa ghalani: kupanga, kufagia, kufunga vifurushi, na kuosha vikombe vya kahawa wageni wakishaondoka. Kheiria, aliyekuwa na nyumba yake na wasichana wa kumsaidia, akawa jikoni kwa Nasriya, mke wa Amur.

Nasriya hakuwa akimwamrisha mtu. Alikuwa na desturi ya kusema peke yake kwa sauti. "Leo sijui nani atakwenda kisimani," alisema, kisha akaangalia dirishani na kungoja. Kheiria akabeba ndoo. Kisima kilikuwa mbali, na wanawake waliopanga foleni hapo walimjua kwa Kiarabu chake. Walimwita yule wa Zinjibari, wakamwachia zamu ya mwisho.

Mwaka uliofuata ukasikika uvumi kwamba msikiti mmoja wa Darsait umefiwa na maalim wa watoto. Aliyeshika kazi ile alipewa nyumba pamoja nayo: vyumba viwili vya udongo vyenye mlango wake na kisima chake uani. Kheiria aliuliza habari za kile kisima mara mbili, kama mtu anayeogopa kwamba amesikia vibaya. Maalim akavaa kanzu safi, akavuka kilima kwa miguu mpaka Darsait.

Shekhe Muhanna, mkubwa wa msikiti ule, alimsikiliza mpaka mwisho wa Fatiha bila ya kumkatiza. Kisha akamwambia kwa upole kwamba elimu anayo, hilo linaonekana, ila mdomo wake haukukamilika, na watoto wakichukua makosa kwake watayafikisha kwa watoto wao. Akipata dawa ya mdomo, arudi. Mlango uko wazi.

Upole ule ulimwuma kuliko matusi. Alirudi Matrah akamwambia mkewe kwamba nafasi imeshachukuliwa. Baadaye akamwambia kweli, kwa sababu Kheiria alikuwa amekwisha kuanza kulia.

Nje ya duka la Amur palikuwa na baraza ya mawe, na kila siku baada ya alasiri walikaa hapo watu wale wale. Mkubwa wa maneno alikuwa Aflah, mdogo wake Amur. Alisoma Unguja mpaka darasa za juu, akajua Kiingereza kizuri, akakileta Maskati ambako siku zile hapakuwa na mtu wa kukitaka. Hapakuwa na gazeti wala ofisi ya kumwajiri, na ukichelewa kidogo usiku, lango la mji linafungwa na unatakiwa utembee na fanusi. Kiingereza kilimwasha mwilini kama shati la sufu wakati wa joto. Pembeni yake hukaa Bakhit, sonara wa majambia, mtu mwenye kichwa cheupe kisicho hata unywele na mikono ya ajabu kwa kazi ndogo ndogo. Aflah ndiye aliyemsikia Maalim akijaribu kusema jina lake siku moja, akalidaka hewani.

"Mmemsikia? Habit," akawaambia wenziwe. "Thabit ni aliyesimama imara. Na habit kwa Kiarabu ni nini? Ni aliyeporomoka. Shemegi yangu kajipa jina mwenyewe."

Tangu siku ile, barazani alikuwa Maalim Habit. Hata watoto wa mtaani walilijua.

Sasa, Nasriya alikuwa na kasha la Unguja alilorithi kwa bibi yake, na ndani lilibandikwa magazeti ya Kiingereza ili mbao zisichane nguo. Mende wakaanza kula gundi. Siku moja Nasriya akasema peke yake kwa sauti kwamba hajui nani atamkwangulia kasha lile. Maalim akalikwangua. Yale makaratasi yaliyotoka mazima akayapeleka dukani, yafungiwe pilipili manga. Aflah akayaona, akayanyakua yote.

Ilikuwa starehe ya mwezi mzima. Kurasa zile zilikuwa za matangazo matupu, ya zama za yule malkia wa Kiingereza aliyetawala mpaka akazeeka, na Aflah aliyasoma moja moja kwa sauti ya mnadi, kisha akayatia Kiswahili. Kulikuwa na mafuta yaliyomwotesha nywele meja mmoja wa Bengali baada ya homa. Kulikuwa na vidonge vya ini, ambavyo pia viliondoa nyongo, ndoto mbaya na huzuni za wanawake. Mikanda ya kubania viuno vya mabibi imewasili kwa meli, rangi ya maziwa. Barafu inauzwa bandarini, mteja aje na blanketi lake mwenyewe. Fundi wa vinanda yuko safarini, atakaa mjini mpaka meli ijayo. Mpiga picha anapiga watoto, maharusi, na maiti majumbani mwao kwa heshima kamili. Watu walicheka mpaka wakakohoa. Bakhit akaitwa Meja kwa upara wake. Mzee mmoja mnene akapewa mkanda wa rangi ya maziwa. Maalim alipita na masinia yake huku na huku, hajaulizwa neno, hajasema neno.

Mpaka siku ile Aflah aliposoma la meno. Daktari mmoja wa Bombei aliwaarifu waungwana wa pwani zote kwamba anatengeneza meno ya bandia yasiyouma, yasiyonuka wala kujulikana. Bwana anayekaa mbali hana haja ya kusafiri. Aume nta, aipeleke kwa posta, na meno yatamfikia yakiwa tayari kuvaliwa.

Maalim akaliweka sinia chini.

"Hebu lisome tena hilo," akasema.

Aflah akalisoma tena, taratibu, akimwangalia. Juu ya ukurasa palikuwa na tarehe, mwaka wa elfu moja mia nane tisini na tatu, nayo aliiona vizuri. Maalim alikuwa akisoma Kiarabu kwa ufasaha, lakini herufi za Kizungu kwake zilikuwa mikwaruzo ya kuku. Hata hivyo hakuwa mjinga. Akasema kwamba kasha lile ni la bibi yake Nasriya, na gazeti lazima ni la zamani, basi huyo daktari atakuwa hai kweli?

Aflah akageuza ukurasa, akamwonyesha tausi aliyechorwa amefunua mkia.

"Huyu unamjua?"

"Sabuni ya tausi," akasema Maalim. Alikuwa amepanga katoni zake asubuhi ile ile.

"Picha si ile ile?"

"Ile ile."

"Basi. Makampuni ya Kizungu hayafi, shemegi. Akifa baba anakaa mtoto, akifa mtoto anakaa mjukuu, jina pale pale. Kama sabuni ipo, meno yatakosaje kuwepo?"

Maalim alikaa na jambo lile siku kadhaa. Aliitoa sabuni katika katoni, akaitazama na kuirudisha. Tausi alikuwa yule yule, manyoya kwa manyoya. Kila alivyolifikiri aliliona limekaa sawa, na hapakuwa na mtu mwengine wa kumwuliza. Amur alijua. Alimwambia nduguye kwamba si vizuri kumchezea mtu mzima, lakini alisema hivyo huku akicheka, na hakwenda kumzindua Maalim. Tangu asikie habari za meno, Maalim alikuwa akifanya kazi ya watu wawili.

Nta ililetwa na Bakhit. Aliichanganya na lakiri kidogo, kama anayotumia kushikiza fedha anapoinakshi, akaipasha moto juu ya seredani pale pale barazani. Watu walikuwa wengi kuliko kawaida, maana Aflah alikuwa ametangaza. Mmoja alimshika Maalim kisogo, Aflah akamshika taya.

"Panua. Panua zaidi, kama lango la Maskati. Haya sasa uma, shemegi. Uma kama unamwuma mke wa pili."

Nta ilikuwa ya moto. Maalim alitoa sauti ya puani na macho yakamjaa maji, lakini hakuachia, maana Aflah alimwambia tangazo linasema asiachie mpaka ipoe. Mwuza maji alisimamisha punda wake apate kutazama. Ilipotoka, ilikuwa na alama za ufizi wake wote, na ngozi kidogo. Muda mrefu baada ya hapo hakuweza kula ila uji. Alimshukuru kila mmoja kwa jina.

Akapanda tena kilima, akamweleza Shekhe Muhanna kwamba meno yako njiani kutoka Bombei. Shekhe alifurahi kikweli. Akasema atamngoja mpaka Ramadhani, na asipotokea kabla ya hapo, itabidi achukue mwengine. Maalim akarudi na habari ile kwa mkewe, na Kheiria, aliyekuwa ameinamisha kichwa mwaka mzima katika nyumba ya watu, akakiinua kidogo. Siku moja Nasriya alisema hajui nani atafua mazulia baada ya mfungo. Kheiria akajibu kwamba na yeye hajui, kwa sababu yeye hatakuwepo. Tangu siku hiyo Nasriya aliacha kusema peke yake, akaanza kusema naye waziwazi, na kazi zikaongezeka.

Kila meli ya posta ikifika, barazani palikuwa na jipya. Mara daktari anauliza rangi. Mara anauliza kama muungwana anataka ya kijana au ya mtu wa makamo. Maalim alilifikiria hili usiku kucha, akarudi na jibu kwamba ya makamo, asije akaonekana anajipendekeza. Aflah aliitikia kwa kichwa bila ya kucheka, na hapo ndipo palipohitaji ufundi.

Kazi ya kweli ilikuwa mikononi mwa Bakhit. Alipata taya la mbuzi kwa mchinjaji wa sokoni, akang'oa meno ya mbele, akayasugua kwa tupa mpaka yakalingana, akayapanga katika lakiri nyekundu iliyolainishwa na nta, juu ya ile alama ya ufizi. Pembeni alitia vikulabu vya waya wa fedha vya kushikia magego. Alikusudia mzaha tu, lakini hakujua kufanya kazi mbaya. Alipomaliza alikigeuza kile kitu mkononi mwake, akawa anakitazama kama mtu aliyetengeneza jambia la harusi.

Wakakifunga kwa pamba, wakakizungushia ukurasa wa gazeti lile lile, wakakitia katika kikopo cha biskuti, kana kwamba kimetoka posta. Mpango ulikuwa hivi: Maalim avae, aletewe kioo, Aflah alie kama mbuzi, na baraza nzima imwitikie.

Maalim akavaa. Vikulabu vikashika. Akaulamba ule mstari kwa ulimi, kutoka upande hata upande, pole pole, kama mtu anayepapasa ukuta wa nyumba yake gizani. Akaletewa kioo asikitazame. Akafumba macho, akasema:

"Thabit."

Ilitoka safi. Akasema tena, akaendelea, "Thabit bin Harib," kisha akasoma Fatiha yote, na kila herufi ikakaa pahala pake. Alikuwa na sauti nzuri, jambo ambalo hakuna mtu pale aliyepata kulijua. Aflah alikuwa amekwisha kuvuta pumzi ya kulia kama mbuzi, ikamkwama. Maalim akamkamata kichwa kwa mikono miwili, akambusu utosini mbele za watu, machozi yakimdondoka, akaondoka upesi kwenda kwa mkewe kabla mtu hajasema kitu.

Bakhit akasema afuatwe aambiwe, mchezo umekwisha.

"Mwache," akasema Aflah. "Mwache afike nayo Darsait kwanza."

Uani, Kheiria alimsikiliza mumewe akisoma, akatabasamu, akamwomba afunue mdomo apate kuona. Mwaka mzima kazi yake jikoni kwa Nasriya ilikuwa kuchoma na kukwangua vichwa vya mbuzi kwa ajili ya supu. Aliyatazama meno yale muda mdogo tu. Kisha akamfunga mdomo kwa kidole.

"Yamekukaa," akasema. "Kesho nenda."

Akaenda siku ya pili, zimebaki siku chache Ramadhani iandame. Shekhe Muhanna alimpokea barazani pa msikiti, pamoja na wazee wengine, na watoto wa chuo walipangwa ukutani wapate kumsikia maalim wao mpya. Lakini haiwezekani mgeni aanze kazi kabla ya kukirimiwa. Ikaja halwa, ikaja tende, na kijana wa birika akasimama na kahawa inayofuka moshi.

Maskati mtu akitosheka na kahawa hukitikisa kikombe anapokirudisha. Asipokitikisa anaongezwa, hata kama amesema ametosheka, kwa sababu maneno yanaweza kuwa ya kuona haya tu. Mwaka mzima Maalim alikuwa ameosha vikombe hivyo, lakini hapakuwa na mtu aliyepata kumkaribisha akae amiminiwe kama mgeni. Alikunywa, akarudisha kikombe kimetulia mkononi, akashukuru. Kijana akamimina. Akanywa kwa adabu, akarudisha, akashukuru zaidi. Kijana akamimina. Wazee walipendezwa kuona mtu anayependa kahawa yao. Kahawa ilikuwa ya moto wa kuunguza, na Maalim, kila alipomeza, alihisi utamu kama wa nta kwenye ulimi, akadhani ni iliki.

Mwishowe mzee mmoja akamwonea huruma, akakitikisa kikombe kwa niaba yake. Shekhe akamtaka asome Zilzala.

Sura ile ni fupi, na imejaa herufi zile zile alizonyimwa. Alianza vizuri. Watoto walitulia. Alipopita pale ardhi inapotoa mizigo yake, Shekhe Muhanna alifumba macho, na Maalim akajua kwamba nyumba ameipata. Akaipandisha sauti. Alipofika "mithqala dharratin" akausukuma ulimi mbele kwa nguvu, kama alivyowafundisha watoto wa Bumbwini, na lakiri laini ikaachia. Kikulabu kimoja kiling'ang'ania gego, meno yakaning'inia nje ya mdomo pamoja na uzi mwekundu wa nta, yakabembea, kisha yakaanguka juu ya mkeka kati yake na Shekhe.

Alijaribu kuimaliza aya. Ilitoka hewa. Mtoto mmoja akacheka, kisha wote.

Shekhe Muhanna aliwanyamazisha kwa mkono. Akakiokota kile kitu kwa leso, akakisogeza kwenye mwangaza. Alikuwa mtu wa mifugo, hakuhitaji kukigeuza mara mbili.

"Maalim," akasema, "haya ni meno ya mbuzi."

Maalim alinyoosha mkono arudishiwe.

"Alichinjwa, au alikufa mwenyewe?"

Hakulielewa swali. Shekhe akalirudia taratibu, bila ya kejeli, kwa sababu kwake lilikuwa ni jambo la kweli: mtu huyu ameswali na kitu hiki kinywani, na kama ni mzoga, sala zake je? Watoto walisikia. Wazee walisikia. Maalim Thabit alifunika mdomo kwa kiganja, akatafuta viatu vyake, akavivaa kombo, akashika njia ya kilimani.

Habari ilimtangulia Matrah, maana mmoja wa watoto alikuwa na miguu myepesi kuliko yake. Alipopita barazani, walimwitikia kama mbuzi, mmoja baada ya mmoja, jinsi walivyokuwa wamepanga tangu mwanzo. Bakhit hakulia, ila hakuondoka alipokaa. Aflah alimfuata hatua chache.

"Tulikuwa tunacheza tu, shemegi. Mbuzi mwenyewe hana meno ya juu. Kakuazima ya chini, na bado hukushukuru?"

Kheiria alikuwa akimngoja mlangoni. Alipomwona tu akajua. Alimshika mkono, akaanza kusema kwamba Mungu atafungua mlango mwengine, na kwamba wale ni watu wasio na haya. Maalim alimsikiliza, kisha akamtazama sana. Alikuwa amekumbuka jinsi alivyomfunga mdomo kwa kidole.

"Ulijua," akamwambia.

Kheiria hakukana. Alisema alijua, tena mara alipoyaona. Alisema alitaka kile kisima. Alifikiri labda wasigundue mpaka wawe wamekwisha kuhamia, na wakishahamia, nani atawatoa?

Maalim hakumpiga wala kumtukana. Alikwenda kukaa ghalani juu ya gunia mpaka magharibi ikapita.

Haukupita muda, akaja mwanamke mtu mzima kutoka Darsait, amevaa vizuri, akaomba kumwona Kheiria. Alikuwa Masouda, mke wa Shekhe Muhanna. Nasriya alitaka kukaa nao asikilize, lakini Masouda alingoja kimya mpaka akaondoka. Alisema bwana wake hapati usingizi kwa yaliyotokea. Alisema pia kwamba wamesikia kwa wanawake wa kisimani kuwa yule bibi wa Zinjibari husoma Kurani kwa moyo akingoja zamu, na usomaji wake hauna kasoro. Kweli ndivyo. Maalim mwenyewe ndiye aliyemsomesha, walipokuwa wachumba, kwa ukali ule ule. Basi watoto wamebaki hawana mtu, na si jambo geni mwanamke kusomesha watoto wadogo. Nyumba ipo. Bwana Thabit atakuwa msimamizi, atawasha taa za msikiti, heshima yake iko pale pale. Kinachotakiwa ni idhini yake tu.

Maalim aliitwa. Alisimama mlangoni akasikiliza yote, kichwa amekiinamisha. Kheiria hakumtazama. Alikuwa amekwisha kuvikunja vidole vyake mapajani, kama mtu anayejizuia asisimame kwenda kufunga mizigo.

Lipo neno moja lisilohitaji meno hata kidogo.

"Hapana," akasema Maalim.

Masouda alidhani hakueleweka, akaeleza upya. Alimtajia kisima. Alimwambia mkewe atastirika. Maalim akangoja amalize, akalisema tena, wazi, kila silabi imekamilika, na akaonekana kama mtu aliyepata ladha yake.

"Maalim," akasema Kheiria, kwa sauti ndogo sana. "Miye nakuomba."

"Hapana."

Masouda akaondoka na mtumishi wake. Chuo cha Darsait kilichukuliwa na mtu wa Sib, na nyumba ile ikapakwa chokaa upya.

Wao wakabaki pale pale. Nasriya alimpokea Kheiria jikoni kana kwamba hapakupita kitu, akamwonyesha mazulia. Mbele za watu Kheiria alimheshimu mumewe kama zamani, alimtengea chakula, alimfulia kanzu, ila hakumwita tena Maalim. Hakumwita kwa jina lolote. Mwaka wa sabini akaja sultani mpya, na mambo yakabadilika Maskati. Lango likaachwa wazi, watu wa Unguja wakamiminika kutoka kila pembe, na waliojua Kiingereza wakatafutwa kama dhahabu. Aflah alipata meza ofisini na gari la kumpeleka. Watu wakajenga nje ya mji, huko Ruwi. Amur akafungua duka la pili, na aliyepewa funguo za ghala la zamani ni Thabit bin Harib, kwa kuwa hasemi na hana anapokwenda.

Alasiri, nyumba ikitulia, humsikia mkewe upande wa pili wa ukuta. Anaosha masufuria na anasoma, kwa sauti ya chini, hakosei herufi. Siku nyengine mkono wa Thabit huganda juu ya gunia, naye husogea mlangoni kidogo kidogo apate kusikia vizuri zaidi. Kheiria akiona kivuli chake sakafuni, hunyamaza, na hubaki kusikika maji tu.